Betri za kuchaji nyumbani: ile volti 1.2 inayowatia watu shaka

Mtu anayenunua betri za kuchaji kwa mara ya kwanza hushtushwa na namba iliyoandikwa ubavuni. Betri aliyoizoea, ile ya kutumia na kutupa, imeandikwa 1.5V. Hii mpya ina umbo lile lile na ameilipia zaidi, lakini imeandikwa 1.2V. Akipiga hesabu ya haraka anaona amepunjwa sehemu moja kati ya tano. Anaitia kwenye kifaa, alama ya chaji inaonyesha nusu, na shaka yake inageuka kuwa hakika. Betri zinatupwa droo ya chini na maisha yanaendelea kama zamani.

Nilipita njia hiyo hiyo. Zangu zilikaa droo karibu mwaka mzima kabla sijaelewa kwamba namba zile mbili hazipimi kitu kimoja.

Volti 1.5 ya betri ya alkalini, yaani ile ya kutumia na kutupa, ni ya siku ya kwanza tu. Ukianza kuitumia, volti inateremka polepole na haiachi kuteremka: 1.4, 1.3, hadi karibu 1.0 au 0.9, ambapo imekwisha. Ikifika nusu ya uhai wake huwa tayari inachezea kwenye 1.2. Kwa hiyo kifaa kilichotengenezwa kutumia betri hizi lazima kivumilie mteremko huo, la sivyo kingekuwa kinaacha nusu ya nishati ndani ya kila betri inayotupwa.

Betri ya kuchaji iliyoenea majumbani ni ya nikeli-metali haidraidi, na kifupi chake NiMH ndicho utakachokiona kwenye ganda. Hii haiteremki kama mlima, inakaa kama uwanda. Ikitoka kwenye chaja huwa karibu volti 1.4, inashuka upesi hadi karibu 1.2, kisha inang'ang'ania hapo kwa muda mrefu wa matumizi yake. Mwishoni inaanguka ghafla. Kwa hiyo ile 1.2 iliyoandikwa ubavuni ni wastani, na ile 1.5 ya mwenzake ni kilele. Ukizifuatilia kwenye kifaa kinachokula umeme mwingi, katika nusu ya pili ya safari betri ya kuchaji ndiyo inayokuwa na volti nyingi zaidi.

Alama ya chaji kwenye kifaa, kwa bahati mbaya, haijui habari hizi. Imefundishwa kusoma mteremko wa alkalini: ikiona 1.2 inakadiria nusu. Ndiyo maana betri uliyoijaza asubuhi inaonekana imechoka, inaendelea kuonekana imechoka kwa siku nyingi bila kubadilika, kisha kifaa kinazimika bila kuaga. Baadhi ya vifaa vina sehemu kwenye mipangilio ya kuchagua aina ya betri, ukiikuta, itumie. Usipoikuta, izoee tu alama hiyo kuwa muongo.

Vipo vifaa vichache vinavyodai volti kamili kwa kweli. Tochi ya mtindo wa zamani yenye balbu ya waya itawaka kwa mwanga hafifu kidogo. Baadhi ya vipimo vya shinikizo la damu na kufuli za elektroniki hukataa kufanya kazi volti ikishuka kidogo tu. Kwa hivyo, maelekezo ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Vifaa vingine vingi havitatambua tofauti.

Kwa hiyo suala la volti linaweza kuwekwa kando. Linalostahili muda wako zaidi ni jinsi kifaa kinavyokula.

Chukua mitungi miwili ya maji. Wa kwanza ni mkubwa, ila mdomo wake ni mwembamba. Wa pili ni mdogo kidogo, lakini una mdomo mpana. Ukitaka tone moja kila baada ya dakika, mtungi mkubwa utakuhudumia kwa muda mrefu zaidi, na wembamba wa mdomo haukuhusu. Ukitaka kujaza ndoo upesi, mdomo mwembamba unakukwamisha hata kama maji yamejaa ndani. Betri ya alkalini ndiyo ule mtungi wa kwanza. Ya ukubwa wa AA, ikinyonywa taratibu, inaweza kutoa miliampea-saa 2,500 hivi (kifupi mAh, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutoa hadi iishe). Ukiilazimisha itoe ampea moja nzima, kama inavyofanya taa ya kamera, ukinzani wa ndani unameza sehemu kubwa ya nguvu na betri inatoa chini ya nusu ya uwezo wake. Betri ya NiMH ya ukubwa huo huo imeandikwa 2,000 na hutoa karibu 2,000 kwa mwendo wowote wa kawaida wa nyumbani.

Hapo ndipo vifaa vya nyumbani vinapojigawa vyenyewe. Wanasesere wanaotembea na kulia, vidhibiti vya michezo ya video, taa za kamera, tochi zenye mwanga mkali, spika ndogo, miswaki ya umeme yenye nafasi ya betri, mashine za kunyolea: hivi ni walafi. Huko betri za kuchaji zinashinda waziwazi, na faida yake unaiona ndani ya miezi michache kwa sababu ulikuwa unabadilisha betri kila mara.

Upande wa pili iko saa ya ukutani. Hiyo inafuata methali ya haba na haba, ila kinyumenyume: inakimaliza kibaba kwa haba na haba. Betri moja ya alkalini inaiendesha mwaka mmoja, pengine na zaidi. Ukiiwekea betri ya kuchaji, utaichaji mara moja kwa mwaka, na betri yenye uwezo wa kuchajiwa mamia ya mara itazeeka kwa umri kabla hujaitumia hata mara ishirini. Haikurudishii ulichoilipia. Wala haisaidii mazingira, jambo ambalo husahaulika: kuitengeneza betri ya kuchaji pamoja na chaja yake kunadai madini na nishati nyingi kuliko betri moja ya kutupa, na deni hilo hulipwa kwa kuichaji tena na tena. Betri ya kuchaji iliyokaa miaka ndani ya saa haijalipa chochote.

Rimoti ya televisheni iko katikati, inaelekea upande wa saa. Mimi nimeiwekea za kuchaji, lakini kwa sababu tofauti kabisa na gharama, nayo ni kuvuja.

Kila mtu amewahi kufungua mgongo wa kifaa akakuta unga mweupe umeziganda springi. Ndani ya betri ya alkalini mna potasiamu haidroksaidi. Betri ikiisha na ikaachwa humo, gesi hujikusanya ndani, kizibo kinashindwa, na kimiminika kinatoka na kuanza kula metali. Redio niliyoithamini sana ilikufa hivyo, na haikuwa na kosa lolote isipokuwa kukaa kabatini miezi mingi ikiwa na betri tumboni. Betri za NiMH huvuja kwa nadra mno. Kwa kifaa cha thamani kinachotumika mara moja moja, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha. Na kama umeshafikiwa na unga huo, vaa glavu, upake siki kidogo au maji ya limau kwa kijiti chenye pamba, acha povu liishe, kisha futa na ukaushe kabisa.

Sasa kununua. Betri za NiMH za zamani zilikuwa na ugonjwa uliowaudhi wengi: zilijimaliza zenyewe. Uliweza kuzijaza, ukaziweka kando, ukarudi baada ya mwezi ukakuta zimepoteza robo ya chaji bila kufanya kazi yoyote. Ukirudi baada ya miezi michache zilikuwa tupu. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilitoa Eneloop, betri ya aina ile ile iliyoboreshwa ili isivuje chaji upesi. Leo watengenezaji wengi wana za namna hiyo. Utaitambua kwa maelezo kwamba imeshachajiwa kiwandani na iko tayari kutumika: betri isiyojua kutunza chaji isingeweza kuuzwa hivyo, kwa kuwa ingefika dukani tupu. Ikikaa mwaka mzima bado hubaki na sehemu kubwa ya chaji yake. Kwa matumizi ya nyumbani, usinunue ya namna nyingine.

Kuna kishawishi cha kukimbilia namba kubwa. Katika ukubwa wa AA, NiMH za kawaida zinazotunza chaji huwa karibu na 2,000, na zipo za 2,500 zenye uwezo mkubwa. Hizi za pili hulipia ukubwa wao kwa umri: huvumilia kuchajiwa mara chache zaidi. Kwa nyumba yenye watoto na wanasesere, 2,000 inatosha na itadumu. Ukikutana na AA ya NiMH inayojitangaza kuwa na 3,500 au 4,000, iache hapo hapo. Kiganda hicho hakina nafasi ya nishati hiyo kwa teknolojia hii. Mizani ya jikoni husaidia kuwaumbua waongo: AA halisi huwa na gramu 26 hadi 31 hivi. Nyepesi sana ina hewa ndani. Ujanja huu umezoeleka hasa kwenye betri kubwa za D, ambazo wakati mwingine ni AA moja iliyovalishwa koti pana.

Zipo pia za lithiamu zenye umbo la AA, nyingi zikiwa na tundu la kuchomeka waya wa USB. Hizi zinahitaji maelezo kwa sababu zinauzwa kana kwamba zimemaliza mjadala wote. Ndani yake mna seli ya lithiamu yenye karibu volti 3.7, na kifaa kidogo cha elektroniki kinachoishusha hadi 1.5 kamili na kuishikilia hapo. Kwa zile kufuli na vipimo vinavyokataa 1.2, ni suluhisho zuri sana. Zina tabia mbili za kujua. Kwanza, volti haishuki hata kidogo hadi dakika ya mwisho, kwa hiyo kifaa kinaona betri imejaa, imejaa, imejaa, kisha giza. Pili, kile kishusha volti hutoa kelele za umeme, na ukiitia kwenye redio unaweza kuzisikia kama mkwaruzo.

Tena, namba zake zinapotosha. Pakiti itaandika 3,000, nawe utailinganisha na 2,000 ya NiMH na kuona umepata mara moja na nusu. Tazama herufi zinazofuata. Mara nyingi ni mWh, yaani nishati, wakati NiMH imeandikwa mAh. Ili kulinganisha, zidisha mAh kwa volti: 2,000 mara 1.2 ni 2,400 mWh. Tofauti ipo bado, ila ni ndogo kuliko ilivyoonekana.

Lililo la hatari kabisa ni seli ya lithiamu tupu, isiyo na kishusha volti, yenye umbo lile lile la AA. Jina lake ni 14500, na hutoa volti 3.7 hadi 4.2. Ukidhani ni AA ya kawaida ukaitia kwenye mwanasesere, unampa karibu mara tatu ya volti anazostahili. Vivyo hivyo kwa betri bapa za mviringo: LIR2032 inayochajiwa inafanana na CR2032 ya kutupa, lakini ya kwanza ikijaa hufika volti 4.2 na ya pili ni 3. Betri hizo bapa, za aina yoyote, ziwekwe mbali na watoto wadogo. Ikimezwa na kukwama kooni huunguza nyama ndani ya saa chache, na hiyo ni safari ya hospitali bila kusubiri dalili.

Wengi huzitafuta betri kwa makini halafu wanachukua chaja yoyote iliyo karibu. Kama ningelazimika kubana matumizi mahali, ningebana kwenye betri, kisha chaja ningenunua nzuri. Chaja duni hufanya kazi kwa saa: inasukuma umeme kwa muda uliopangwa bila kujali betri ilikuwa tupu au nusu. Betri iliyokuwa imejaa nusu inaendelea kusukumiwa, na umeme usiopata pa kukaa unageuka joto. Joto ndilo muuaji mkuu wa betri hizi. Nyingi zinazosemekana kuwa mbovu zilipikwa na chaja.

Chaja yenye akili inasikiliza. Betri ya NiMH ikijaa, volti yake, iliyokuwa ikipanda muda wote, hujikwaa na kushuka milivolti chache. Chaja inaona kujikwaa huko na kukata umeme. Hapa pana jambo linalowashangaza watu: kuchaji polepole kupita kiasi si lazima kuwe salama zaidi, kwa sababu umeme ukiwa mdogo sana ule mshuko hauonekani na chaja inaweza kuupitiliza. Kwa AA, miliampea 500 hadi 1,000 ni mwendo mzuri. Betri ya 2,000 kwa miliampea 500 itachukua saa nne na nusu hivi, pamoja na kinachopotea njiani. Chaja zinazoahidi kumaliza ndani ya dakika 15 zipo, na zinafanya kweli, ila zinachemsha.

Jambo la pili la kuangalia kwenye chaja ni kama kila betri inahudumiwa peke yake. Nyingi za bei ya chini huchaji kwa jozi, yaani mbili mbili, zikidhani ndugu hao wana njaa sawa. Mmoja hushiba mapema na kuvimbiwa, mwenzake anaondoka mezani na njaa. Chaja yenye taa yake kwa kila nafasi, na inayokubali betri moja au tatu, ndiyo ya kuchukua.

Hili la undugu linaendelea hadi ndani ya kifaa. Betri nne zikiwa zimepangwa mfululizo, umeme ule ule unapita kwa zote. Ikiwa tatu zina nguvu na moja imechoka, ile iliyochoka huisha kwanza, na wenzake wanaendelea kusukuma umeme kupitia kwake hadi chanya na hasi zake zinapinduka. Seli iliyopinduliwa hivyo hujeruhika moja kwa moja. Kwa hiyo betri zilizonunuliwa pamoja zifanye kazi pamoja na zichajiwe pamoja. Mimi naziandika kwa kalamu ya wino usiofutika: herufi ya kundi na mwaka wa kununua. Alkalini na ya kuchaji kamwe zisilale chumba kimoja. Na alkalini isitiwe kwenye chaja ya NiMH, hata kwa majaribio.

Utasikia pia ushauri kwamba uimalize betri kabisa kabla ya kuichaji, la sivyo itajenga kumbukumbu. Ushauri huo ulirithiwa kutoka kwa betri za nikeli na kadimiamu, uvumbuzi wa Msweden Waldemar Jungner wa mwaka 1899, ambazo zimeondolewa kwa sehemu kubwa kwenye vifaa vya nyumbani kwa kuwa kadimiamu ni sumu. NiMH haina tatizo hilo kwa kiwango cha kukusumbua. Ichaji unapotaka. Kuimaliza hadi tone la mwisho ndiko kunakoidhuru, hasa kwa lile suala la kupinduka. Tochi ikianza kufifia, itoe.

Mahali ambapo sitii betri ya kuchaji hata nikishawishiwa ni kwenye king'ora cha moshi. King'ora hicho kinapaswa kukuonya siku nyingi kabla betri haijaisha, na kinafanya hivyo kwa kuutazama ule mteremko wa polepole wa alkalini. Betri inayokaa uwandani kisha ikaanguka haitoi nafasi ya onyo. Watengenezaji wengi wanakataza waziwazi, tena kile kinachotumia betri ya mraba ya volti 9 kina sababu ya ziada: ya kuchaji ya umbo hilo ni seli saba ndogo za 1.2, jumla 8.4. Tochi ya dharura ni jambo tofauti. NiMH inayotunza chaji inafaa mradi uikumbuke kila baada ya miezi kadhaa. Kama unajijua husahau, chukua ya lithiamu isiyochajiwa, ambayo hukaa zaidi ya miaka kumi bila kuharibika.

Basi ni ngapi za kununua? Hesabu nafasi za betri kwenye vile vifaa vilafi peke yake, kisha ongeza seti moja ya kusubiri ikiwa imejaa. Nyumbani kwangu zilitoka kumi na mbili. Bila seti ya akiba, kifaa kitazimika usiku mtoto akiwa analia, utaambiwa usubiri saa nne, na utarudi kwenye zile za kutupa. Nimeona hilo likiwarudisha nyuma watu wengi kuliko tatizo lolote la kiufundi. Zilizojaa hukaa kwenye kisanduku cha plastiki, zisizo na chaji hukaa kando ya chaja. Zisitiwe mfukoni pamoja na funguo au sarafu: kwa ule mdomo wake mpana, NiMH ikiunganishwa ncha kwa ncha na kipande cha chuma huweza kukichemsha hadi kuunguza.

Siku moja chaja itaikataa betri. Kabla hujaizika, angalia kama iliachwa tupu kwa muda mrefu. Volti ikishuka sana, chaja yenye akili hudhani nafasi haina kitu. Ukiwa na chaja ile ya zamani isiyo na akili, iweke humo dakika chache huku ukiitazama, kisha irudishe kwenye nzuri. Wakati mwingine inafufuka. Ikiwa inachemka kuliko wenzake, au inajaa ndani ya dakika kumi na kuisha kwa kasi hiyo hiyo, imezeeka, na kundi lake lote huenda liko njiani. Zipeleke panapokusanywa betri chakavu, maana nikeli iliyomo hurejeshwa viwandani. Usizichome moto. Za lithiamu zizibe ncha kwa utepe wa gundi kwanza, kwa sababu zikigusana ndani ya mfuko zinaweza kuwaka.

Saa yangu ya ukutani ina betri ya alkalini hadi leo. Niliiandika tarehe ubavuni nilipoitia, ili nijue lini niitoe kabla haijavuja.